Mwanafunzi wa Uuguzi Kando ya Kitanda Chetu

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wanachama wa tawi letu hapa Manyatta, Kisumu. Yamepigwa chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Tuliombwa tuseme juu ya masomo ya uuguzi, hasa yale ya digrii, na namna wanafunzi wake wanavyofundishwa kazi wodini. Wako waliocheka walipoona jambo hili katika orodha ya mkutano. Walisema, watu wa gengi la njia, wenye kubeba mataruma na nyundo, ambao wengi wetu tuliishia shule ya msingi ya misheni, wajua nini juu ya mambo ya chuo kikuu? Twajibu ya kwamba karo yake twaijua barabara. Wanachama wenzetu watatu wa tawi hili wana watoto katika masomo hayo, na mmoja wa akina mama mlioketi hapa huuza omena Kibuye ili binti yake amalize mwaka wa nne. Na kitanda cha hospitali nacho twakijua, maana kazi yetu ni ya chuma kizito.

Basi tuanze na kitanda.

Mzee mmoja wa gengi letu, ambaye amebakiza muda mfupi astaafu, aliangukiwa na taruma mguuni akalazwa. Hospitali hatuitaji, wala haina haja kutajwa, kwa kuwa jambo lenyewe laweza kutokea popote. Siku ya pili asubuhi wanafunzi kumi na mmoja walikuja na mwalimu wao wakakizunguka kitanda chake. Mwalimu akafungua kidonda, akaeleza, akafunga. Wawili waliosimama mbele waliona mguu. Wengine waliona migongo ya wenzao. Kisha wakaondoka wote kwenda kitanda cha pili.

Jioni ile binti mmoja katika wale alirudi peke yake na trei. Akasema, “Shikamoo baba. Naomba ruhusa nikuwekee dripu.” Mzee akampa mkono. Alichoma mara ya kwanza akakosa mshipa. Mara ya pili akaupata, ukapasuka, mkono ukavimba. Mara ya tatu vile vile. Mzee akamwuliza kwa upole, “Binti yangu, mwalimu wako yuko wapi?” Akajibu, “Baba, yuko wodi nyingine, sisi ni wengi.” Na muuguzi wa zamu? Alikuwa mmoja tu wodi nzima, naye wakati huo alikuwa akimshughulikia mgonjwa aliyekuwa akitapika damu. Mwishowe muuguzi huyo alikuja mbio, akaushika mkono wa mzee, akampapasa kidogo, akaingiza sindano mara moja tu, akaondoka. Hakupata nafasi ya kumwonyesha yule binti alichokifanya. Mzee anasema usiku alimsikia akilia ushorobani.

Tulipokwenda kumtazama mzee tulikasirika sana. Tulitaka kupeleka malalamiko juu ya binti. Mzee mwenyewe ndiye aliyetukataza. Alisema, “Ninyi mlipokuja gengini, nani kati yenu aliyepewa nyundo akaambiwa akapige mwenyewe huku gari laja?” Tukanyamaza. Na maneno yake ndiyo yaliyotufanya tuanze kuuliza habari za kazi hii, tukiwauliza watoto wetu, na wauguzi tunaokaa nao ploti moja.

Ndugu, hapa Manyatta tumekaa karibu sana na jambo hili. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo sisi sote twaiita Russia, ni mwendo wa miguu tu kupita Kondele. Jina hilo la Russia si mzaha, kwani ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya zamani, yaani Muungano wa Sovieti. Wazee wanaikumbuka siku ya kufunguliwa kwake, tarehe 25 Oktoba 1969, Mzee Kenyatta alipokuja, pakatokea ghasia, risasi zikapigwa na watu wakafa. Siku ile si habari yetu ya leo. Twaitaja kwa kuwa kila mara twasikia watu wakizungumza juu ya ufunguzi, na hatusikii wakizungumza juu ya vijana waliojifunza humo kushika mgonjwa tangu siku hiyo hata leo. Leo jina lake lenyewe lasema kwamba ni hospitali ya kufundishia. Wanafunzi wa Chuo cha Mafunzo ya Tiba, kile cha KMTC, wamo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno nao wamo. Kila mmoja ana daftari lake la kazi ambalo lapaswa kutiwa sahihi: amefunga vidonda vingapi, amezalisha wangapi, amehudumu chumba cha upasuaji mara ngapi. Na wagonjwa ni wale wale.

Na hapa tuseme kwa kifupi tofauti za masomo, kwa kuwa wazazi wengi hudanganyika. Mtoto aliyepata C ya jumla katika mtihani wa kidato cha nne aweza kuomba diploma. Digrii yataka C+, pamoja na alama nzuri katika masomo ya sayansi, nayo huchukua miaka minne. Kisha kuna mtihani wa Baraza la Wauguzi, na mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi ambao wao huuita intanshipu. Digrii katika nchi yetu si jambo la zamani. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliianza mwaka 1992, na kule Baraton walikuwa wametangulia. Wenzetu wa Makerere walianza mwaka 1993. Kabla ya hapo nesi alitoka katika shule za hospitali, nyingi zikiwa za misheni, kama ile ya Kendu Bay ng’ambo ya ghuba, na kabla ya hapo tena walikuwapo madaresa, wanaume wengi, waliofundishwa kusafisha vidonda na kutoa dawa. Kwa hiyo asiyetaka kijana wake wa kiume awe nesi, ati ni kazi ya wanawake, na aulize babu yake.

Wako wanaouliza, digrii ya nini? Nesi ni mikono na huruma. Sisi pia tulisema hivyo. Lakini mwaka 2014 ilitolewa katika jarida la madaktari liitwalo Lancet hesabu ya hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, na wagonjwa waliopasuliwa zaidi ya 420,000. Walioifanya, wakiongozwa na muuguzi wa Marekani Linda Aiken, waliona mambo mawili. La kwanza, penye wauguzi wengi wa digrii wagonjwa walikufa wachache: kila asilimia 10 ya wauguzi wa digrii ikiongezeka, uwezekano wa mgonjwa kufa katika siku 30 hupungua kwa asilimia 7. La pili, kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa nesi mmoja, uwezekano huo huongezeka kwa asilimia 7. Angalieni, ndugu, namna mambo haya mawili yanavyokwenda pamoja. Ukimsomesha nesi mpaka digrii, kisha ukampa wagonjwa wengi kupita kiasi, ulichotoa kwa mkono wa kulia umekipokonya kwa mkono wa kushoto. Waajiri hupenda kutaja lile la kwanza tu. Kazi ya chama cha wafanya kazi ni kutaja la pili.

Sasa tuwaeleze jambo moja la masomo hayo ambalo lilitufurahisha kupita yote, maana tuliliona kuwa ni letu. Binti wa mwenzetu mmoja alituonyesha karatasi wanayoiandika mama anapokuwa na uchungu wa kuzaa. Huiita patografu. Ndugu, ile karatasi ni grafu ya kontrola! Ninyi mnaojua chumba cha kontrola mwaelewa: saa zimeandikwa upande mmoja, stesheni upande mwingine, na gari likienda, mstari wapanda. Gari likichelewa mstari walala, na kontrola haambiwi na mtu, aona mwenyewe kwa macho. Basi nesi naye aandika saa upande mmoja, na upande wa pili jinsi njia ya mtoto inavyofunguka kwa sentimeta. Waliouchora mstari wa onyo ni madaktari Philpott na Castle, nao waliufanyia kazi huko Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, wakautangaza mwaka 1972. Shida yao ilikuwa kama ya kwetu: mama alikuwa kliniki ndogo ya mbali, mkunga ni mmoja, daktari yuko mjini. Mkunga atajuaje mapema kwamba mama huyu hatazaa salama pale, apelekwe hospitali kungali mchana? Wakachora mstari mmoja wa sentimeta moja kwa kila saa. Ukiuvuka kwa kuchelewa, kaa macho, tafuta gari. Wakachora wa pili, saa nne mbele yake. Ukifika huo, chukua hatua, usingoje tena.

Karatasi hiyo ilienea dunia nzima. Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa nyingine mpya, kwa sababu ilionekana kwamba wanawake wengi huenda polepole kuliko sentimeta moja kwa saa nao huzaa salama, wala si haki kuwaharakisha wote kwa kipimo kimoja. Hata grafu njema, basi, hurekebishwa.

Lakini sikilizeni alilotuambia yule binti. Alisema darasani aliijua karatasi ile kwa siku mbili. Alichora kwa hesabu alizopewa na mwalimu, akapata alama zote. Alipofika wodi ya wazazi alikuta kwamba kuchora si kazi. Kazi ni kujua kwa vidole kama njia imefunguka sentimeta nne au sita, na vidole havijifunzi kwenye ubao. Kule chuoni wana sanamu la mpira la kujifunzia, nalo ni zuri, lakini halisemi “wuoi, mama,” wala halikushiki mkono. Alimpima mama mmoja akasema nne. Mkunga mzee aliyekuwa naye akampima baada yake akasema, “Rudia, mwanangu, polepole, uniambie tena.” Akarudia. Akasema sita. Mkunga akasema, “Haya, sasa andika.” Yule binti anasema siku ile ndipo alipokuwa nesi, na mtoto aliyezaliwa saa chache baadaye alilia vizuri.

Angalieni tofauti ya binti huyu na yule wa dripu. Wote wawili ni wa digrii, wote wana akili. Mmoja alipata mtu wa kumwambia “rudia, polepole.” Wa pili hakupata. Wazee wetu wa zama za mvuke wanatuambia kwamba hapakuwa na dereva ambaye hakuwa mtia moto kwanza. Aliyapanda yale magari makubwa ya Garratt kando ya dereva, akajifunza mlima na mteremko kwa mgongo wake, na dereva yule alikuwa akilipwa kwa kazi hiyo, wala hakuwa akiendesha magari matatu mengine saa ile ile. Muuguzi wa wodi akipewa wanafunzi juu ya mzigo wake wa wagonjwa, bila saa za kuwafundisha, bila hata senti ya posho, tusishangae akiwaambia, “Nendeni mkatandike vitanda.”

Kutumia wanafunzi kama vibarua si jambo la jana. Florence Nightingale alipofungua shule yake katika hospitali ya St Thomas’ huko London mwaka 1860, wanafunzi walijifunza kwa kufanya kazi za wodi. (Msimchanganye na yule Florence ambaye mji wetu huu uliitwa Port Florence kwa jina lake reli ilipofika ziwani mwaka 1901, huyo alikuwa mke wa injinia Preston.) Hospitali nyingi za Ulaya na Marekani zikaipenda sana namna hiyo, maana zilipata mikono ya bure. Mwaka 1923 ikatolewa ripoti kubwa Marekani, ya Bibi Josephine Goldmark, iliyosema kwamba masomo yanamezwa na kazi, na kwamba shule za uuguzi zapaswa kuwa na bajeti yake zenyewe. Uingereza walikawia mpaka mwaka 1989 ndipo wakaanza kuwahesabu wanafunzi kuwa nje ya idadi ya wafanya kazi wa wodi. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mwanafunzi ni msaada wa kuziba pengo la zamu, tumjibu ya kwamba jambo hilo lilijaribiwa huko nje kwa zaidi ya miaka sitini, na lilionekana halifai.

Sasa tufike kwenye ule mwaka wa intanshipu, ambapo twaona chama kama chetu chapaswa kufungua macho. Je, huyu ni mwanafunzi au ni mfanya kazi? Akifika usiku huandikwa katika zamu. Dawa akizitoa, sahihi ni yake. Akikosea, yeye ndiye ataulizwa. Kwa akili yetu ya gengini, mtu wa namna hiyo ni mfanya kazi. Lakini wakati wa kulipa, huambiwa kwamba bado anajifunza. Mwaka 2024 mliyasikia mambo ya madaktari wa intanshipu. Mkataba wa mwaka 2017 ulisema kiasi cha shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000, na madaktari wakagoma tangu tarehe 14 Machi mpaka tarehe 8 Mei. Sauti ya madaktari husikika. Mhitimu wa uuguzi, ambaye naye hana budi kungoja wizara impangie hospitali, akikaa nyumbani Manyatta miezi na miezi na vyeti vyake mfukoni, nani amesikia habari zake? Mama yake amemaliza kuuza omena za karo, sasa auza omena za kumlisha mhitimu.

Nasi tusiseme upande mmoja tu. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma tangu mwezi wa Juni mpaka Novemba, siku kama 150. Haki yao ya kugoma hatuibishi, kwani chama kisichoweza kugoma ni kikundi cha kuzikana. Baada ya hospitali kukabidhiwa serikali za kaunti mwaka 2013, mikataba ilikuwa ikipigwa danadana kati ya kaunti na Nairobi. Lakini mwanafunzi ambaye miezi yake ya wodini ilianguka katika siku zile alikuta vitanda vitupu. Hakuna mgonjwa, hakuna muuguzi, na daftari lataka sahihi. Katika mapatano yaliyokuja baadaye hatukusikia mtu akiuliza habari za wale wanafunzi. Chama kikikaa mezani kuzungumza na mwajiri, wanaojifunza kazi nao wawe na mstari wao katika karatasi. Na hili twajiambia sisi wenyewe pia, kwa sababu vijana wa mazoezi walioko karakanani kwetu hatujawahi kuwaita hata kwenye mkutano mmoja.

Mwasema, basi wakimaliza wataondoka. Ni kweli, wengine huondoka. Mwezi wa Julai 2021 serikali yetu na ya Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kupeleka wauguzi kule. Dunia nzima ilihesabiwa mwaka 2020 kuwa na wauguzi milioni 28, ikipungukiwa na karibu milioni 6, hivyo anayejua kazi hakosi kwa kwenda. Hatuwezi kumfunga mtu kamba, na wengi wetu tuna ndugu ambao wanaishi kwa fedha za binti aliye ng’ambo. Tunachosema ni kwamba nesi aliyefundishwa vizuri huko Russia, akaajiriwa kwa haki, wengi wao wangependa kurudi jioni kwa miguu nyumbani kwao Manyatta. Tumewauliza, ndivyo walivyotuambia.

Mwenyekiti, muda wetu umekwisha, nasi twaleta mambo haya mbele ya mkutano. Twaomba mfuko wa tawi, ambao mpaka sasa hutoa mkopo kwa misiba na paa la nyumba, uruhusiwe kutoa mkopo wa viatu, sare na nauli za wodini kwa mtoto wa mwanachama. Karo hatuwezi, tusidanganyane. Tena twaomba katibu aandike barua kwa wakubwa wa afya wa kaunti, nakala iende kwa chama cha wauguzi, kuuliza ni saa ngapi katika juma muuguzi wa wodi hupewa za kufundisha, na kama hakuna, kwa nini hakuna. Wauguzi wenyewe wataijua barua hiyo kuwa ni ya rafiki.

Na kwa kila mwanachama: mwanafunzi akija kando ya kitanda chako akaomba ruhusa, una haki ya kukataa, na una haki ya kuuliza kwanza nani anamsimamia. Akiwapo msimamizi, mpe mkono. Yule mzee wetu alipotoka hospitalini, siku ya mwisho alimwita binti wa dripu, akamwomba yule muuguzi wa zamu asimame karibu dakika mbili, akanyosha mkono mwingine ambao haukuvimba. Aliupata mshipa mara ya kwanza. Mzee anatuonyesha mahali penyewe kila akilipwa mshahara.

Binti wa patografu yumo humu ndani, ameketi karibu na mlango pamoja na mama yake. Amekubali kujibu maswali yenu kuhusu masomo na gharama zake. Lakini ana zamu ya usiku leo, kwa hiyo twaomba maswali yawe mafupi, na wenye watoto wa kidato cha nne waanze wao.